Usukani wa Fundi Milango

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na masikio hayajazidi kuziba. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho tulipaaza sauti mpaka majirani zako wakadhani tunagombana.

Mimi mzima. Mgonjwa ni mashua. Wiki iliyopita upepo uliikatia kamba, ikajigonga kinyumenyume kwenye nguzo ya gati na usukani, ule ubao wa nyuma unaoiongoza, ukapasuka vipande viwili. Marehemu mume wangu angejua la kufanya. Mimi najua kushona matanga ya watu, basi. Na mashua yenyewe ni ya zamani, hakuna anayetengeneza vipuri vyake tena.

Tarehe 25 Machi gati letu linabomolewa. Kila mashua lazima ivuke ghuba kwa tanga lake yenyewe mpaka gati jipya. Itakayoshindwa itavutwa nchi kavu, na huko haruhusiwi mtu kulala ndani. Baba, hii ndiyo nyumba yangu. Sina nyingine.

Nimeviunganisha vile vipande nikavichora kwa ukubwa wake halisi kwenye kitambaa cha tanga. Kimo humu kwenye bahasha. Unaweza kunichongea usukani mwingine?

Binti yako

13 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Mgongo unalalamika kila asubuhi, ukiona hakuna anayeusikiliza unanyamaza.

Kitambaa chako nimekitandaza kwenye meza ya kazi. Kumbe usukani ni mlango tu! Mlango wenye maji pande zote mbili. Nimetundika milango tangu hujazaliwa, na hakuna hata mmoja ulionirudia.

Ila hiki kiduara ulichochora kule chini, ukaandika "hapa pana madini ya risasi", ni cha nini? Nadhani fundi fulani mvivu alikuta ubao umeoza, akaziba tundu kwa chuma chochote kizito kilichokuwa karibu. Mimi siweki kiraka kwenye ubao mpya. Nitumie pini za zamani, nijue unavyotundikwa.

Sasa nikuulize kama baba. Kwa nini usiiache hiyo mashua ukaja nyumbani? Chumba chako kipo. Tangu mama yako atutoke napika chakula kidogo na bado kinabaki. Milango yote ya nyumba hii nimeitengeneza kwa mkono wangu, na siku hizi haigongwi hata mmoja.

Baba yako

21 Februari

Baba,

Shikamoo. Pini hizi hapa. Zinafungwa kwenye usukani zikitazama chini, na pete zake ziko kwenye mashua. Unaushusha usukani, pini zinaingia kwenye pete, kazi imekwisha. Kuhusu risasi sijui, mume wangu ndiye aliyekuwa anaujua usukani ule. Wewe ndiye fundi, nakuachia.

Kuja nyumbani siwezi, Baba. Nikija nitakuwa yule mjane aliyerudi kulala kwenye chumba chake cha utoto, kila anayepita ananionea huruma. Hapa angalau upweke ni wangu mwenyewe. Jioni naongea na birika, nalo linanijibu likichemka. Usinicheke.

Njoo wewe. Kuna kitanda cha pili.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nisafiri? Nikifunga karakana hata kidogo, wateja wote watahamia kwa yule kijana wa milango ya chuma. Halafu maji yanayozidi beseni nayaogopa, unajua.

Usukani nimeutuma leo kwa lori. Nimeunganisha mbao nyembamba ubavu kwa ubavu, nyuzi za ubao huu zikitazama huku na za ule kule, usije ukapinda. Mbele nimeuviringisha kwa randa, nyuma nimeukondesha mpaka unakaribia kukata kidole. Nimeuvika kitambaa cha faiba kwa gundi, nikaupiga msasa hadi mikono ikafa ganzi. Pini nimezifunga barabara. Kile kiraka sikukiweka.

Nikwambie ukweli. Nilijua nachonga kitu cha kukuweka mbali nami. Siku moja niliitua randa nikasema huu siumalizi, ng'o, mashua ivutwe nchi kavu, binti arudi kwa baba yake. Nikaona aibu, nikaishika tena. Nakupenda kuliko ninavyokutaka karibu, ingawa kukutaka nakutaka sana.

Baba yako

17 Machi

Mwanangu,

Nisamehe, leo hakuna salamu. USITOKE NA USUKANI HUO.

Asubuhi kipande kilichobaki cha ubao ule ule kimedondoka kwenye ndoo ya maji. Nimekizamisha kwa kidole, kikarudi juu. Nimekizamisha tena, kimerudi. Macho yakanitoka. Mlango hukaa kwenye bawaba kwa uzito wake, lakini ukiuweka ubao majini ule uzito haupo, unapanda! Ile risasi haikuwa kiraka. Ndiyo iliyokuwa inaushikilia chini. Huu wangu utainuka na kuchomoka kwenye pete wewe ukiwa katikati ya ghuba.

Nimepiga simu nikasikia mvumo tu, sijui hata kama ulipokea. Kiburi changu ndicho kilichoona uvivu pale ambapo mwenzangu alitumia akili. Usitoke, mwanangu. Nakuomba.

Baba yako

30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Naandika hivyo kwa mazoea, maana jibu lako silioni. Dereva wa lori anasema mzigo aliukabidhi mkononi mwako. Jirani mwenye masikio mazuri amenipigia simu yako tena na tena, anasema haipatikani. Kazi haifanyiki. Nakaa kwenye ngazi ya karakana, kila anayekuja na bahasha moyo unanilipuka, kumbe anapita zake.

Kama umekasirika, kasirika, lakini andika. Hata ukinitukana nitashukuru.

Baba yako

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Niko hai, mzima. Barua zako zote mbili nimezipata leo, zilipelekwa kwenye gati ambalo halipo tena. Na simu yangu iko chini ya ghuba.

Nilitoka siku ya mwisho kabisa, peke yangu. Usukani uligeuka vizuri mpaka nikaanza kuimba. Katikati ya ghuba ukawa mwepesi kupita kiasi. Nikatazama nyuma, nikauona unapanda taratibu, pini zinatoka kwenye pete moja baada ya nyingine. Nikajitupa kifudifudi nikaukumbatia kwa mikono miwili, simu ikateleza mfukoni. Mashua ikazunguka ovyo, tanga linapiga huku na huku. Niliogopa, Baba. Nilimwita mume wangu. Halafu nikakumbuka hayupo, nikakuita wewe.

Boti ya wabomoaji ilinivuta hadi ng'ambo. Mkuu wa gati amesema kuvutwa si kuvuka. Amenipa hadi katikati ya mwezi: mashua ijiendeshe mbele ya macho yake, au iende nchi kavu.

Usukani ninao, hauna hata mkwaruzo. Unahitaji tundu na risasi, na mimi nikijaribu nitaupasua. Kuutuma na kuurudisha hakuwezekani kwa siku hizi chache. Na fundi mwingine sitaki auguse, kazi yako ni nzuri mno. Ulichokosa ni kuyajua maji tu. Njoo uyaone.

Binti yako

7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi nikaisoma tena, nikalia kidogo kwa furaha. Mtu mzima hovyo.

Kijana wa milango ya chuma amekuja kuuliza kama ni kweli nafunga. Nimemkabidhi wateja wangu wote, hata wale wasumbufu, na hao nimemkabidhi kwa roho safi kabisa. Kaniangalia kama niliyerukwa na akili.

Keekee ya kutobolea ninayo, na sufuria ya kuyeyushia risasi. Risasi tutaiyeyusha gatini, nje, upepo ukiwa mgongoni. Tundu nitalipanua kidogo midomo yake yote miwili, risasi ikiganda isichomoke. Halafu tutaujaribu usukani majini, tena na tena, mpaka uzame wenyewe.

Maji bado nayaogopa. Pale pa kupandia utanishika mkono, na usicheke. Kile kitanda cha pili ukitandike vizuri, mgongo huu wa kubembelezwa. Nitakaa mpaka lini sijui, na wewe usiniulize.

Barua hii inatangulia na gari la asubuhi, mimi nafuata na la jioni. Usiijibu. Hapa hakuna tena mtu wa kupokea jibu.

Baba yako