Mstari Mmoja wa Mahindi Kilimani

Uriri, Migori
Ijumaa asubuhi

Kwa Mama yangu mpendwa,

Na wewe dada Mkawasi unayemsomea: soma polepole, usiruke neno hata ukiona linaniaibisha. Hapo ndipo usome kwa sauti.

Shikamoo, mama. Goti linaendeleaje? Yule mbuzi mweupe amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Naomba Mungu baridi ya Wundanyi isikuzuie kwenda shambani. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Uso ndio sina. Natembea hapa Uriri nikitazama viatu vyangu, na watu wakinisalimu naitikia kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani.

Nilikuandikia zamani kidogo habari za boma la Mzee Okeyo. Ni yule mwenye kilima ambacho miti yake haikukatwa hata majirani walipogeuza miti yao yote kuwa makaa. Juu ni msitu, chini ni shamba lenye makingo ya fanya juu yanayozuia udongo usisombwe, na katikati kuna chemchemi isiyokauka hata Februari. Siku ya kwanza kukiona nilikumbuka fighi yetu, ule msitu wa wazee ambao wewe ulitukataza hata kuvunja kijiti humo. Nilijisikia niko nyumbani. Pengine ndiyo maana nikajiona mwenyeji kabla ya wakati.

Kila mwaka mvua ya masika ikikaribia, kilima hicho huwa na sherehe. Watoto wa shule wanakuja, majirani wanakuja, na kwaya ya Wasabato inatoka Kendu Bay kwa lori, ikiimba tangu barabarani. Watu wanatembea msituni na kuokota kuni zilizoanguka zenyewe, na ni hizo tu zinazopika chakula cha wote. Ukikata mti mbichi hupewi sahani. Jioni, Mzee na mke wake wa kwanza wanafungua msimu: Mzee anachimba, mke anadondosha mbegu. Wakishapanda wao, ndipo wake wadogo wanapanda, ndipo wana na wake zao wanapanda. Mdogo hamtangulii mkubwa, kabisa. Na usiku wa kuamkia siku hiyo Mzee hulala nyumba ya mke wa kwanza, kwa sababu hiyo nayo ni sehemu ya kupanda. (Mkawasi, hapa nakuruhusu uharakishe.)

Mke huyo wa kwanza wanamwita Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu. Mdogo kabisa ni Nyar Mbita, ametoka kule Mbita ziwani, na umri wake haupiti wangu sana.

Mwaka huu, mama, mimi bwana shamba ndiye niliyepewa kuiendesha sherehe. Nilivaa tai. Nilishika kipaza sauti. Alikuja bwana mkubwa mmoja kutoka Homa Bay na mpiga picha wake, nami nilitaka aondoke akilijua jina langu, kwa maana nimechoka kuendesha baiskeli na nilisikia kuna nafasi ya pikipiki. Nakuambia ukweli ulivyo.

Alasiri mawingu yakajikusanya upande wa ziwa na yule bwana akaanza kutazama saa. Akasema apigwe picha ya kupanda mbegu, aende zake. Mzee Okeyo alikuwa bado msituni, anawaonyesha walimu chemchemi. Nyar Kendu alikuwa amekwenda kuchukua mbegu kwenye ghala lake, zile alizozichagua mwenyewe, punje kwa punje. Nyar Mbita alikuwa amesimama karibu nami, amevaa gauni jipya la njano. Nikampa jembe na mbegu za duka.

"Bwana shamba, ngoja kidogo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mama mkubwa bado hajakuja. Mimi siwezi."

"Mvua haingoji," nikasema, tena kwenye kipaza sauti, kilima kizima kikasikia. "Panda tu. Hayo ni mambo ya zamani."

Jirani mmoja mzee akapiga kelele, "Wacha! Bwana shamba, wacha hiyo kitu!" Nikamtuliza kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Msichana wa watu akaniangalia, akaangalia ile kamera, akainama na kupanda mstari mmoja. Wageni wakapiga makofi. Wenyeji hakuna hata mmoja aliyepiga. Kwaya, ambayo nusu yake ni watu wenye mila hii hii, ikanyamaza katikati ya wimbo.

Hapo Nyar Kendu akatokea na kikapu cha mbegu kichwani. Akaona jembe liko mkononi mwa nani. Akakishusha kikapu chini taratibu, akakifunika kwa leso yake, akakipandisha tena kichwani na kurudi alikotoka.

Mama, nilimwona akikifunika kile kikapu na nikakuona wewe. Nilikuona ile siku baba alipomaliza nyumba mpya, wageni wakapakuliwa kwanza kutoka chungu cha mama mdogo, nawe ukarudisha kifuniko juu ya chungu chako na kwenda kukaa jikoni. Tulikula kile chakula mpaka kikachacha, na hukutuambia kwa nini. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama, na bado ulimwengu umelazimika kunirudia.

Mvua ikanyesha usiku ule ule. Ilikuwa mvua nzuri, ile ya kuingia ardhini. Tarafa nzima ikapanda, isipokuwa boma la Mzee Okeyo. Nyar Kendu alikataa kushika jembe, na asipolishika yeye, hakuna anayeweza kulishika: si Nyar Mbita, si wana watatu wenye watoto wao wa kulisha. Majuma yamepita, mahindi ya majirani yako magotini. Kwenye kilima kile kumeota mstari mmoja tu, ule wangu, kijani kibichi peke yake katika shamba jekundu. Unaonekana kutoka barabarani na unaonekana kutoka ofisini kwangu. Sokoni wameupa jina, wanauita "shamba la bwana shamba". Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akakosa hata cha kupalilia.

Wazee walikwenda kumsihi, mchungaji akaenda, Mzee mwenyewe akamsihi. Hakukubali. Juzi nikaenda mimi. Nilitarajia kufukuzwa, na ningeshukuru. Badala yake alinivutia kiti, akaniwekea nyoyo, yale mahindi na maharage wanayochemsha huku. Yalikuwa mahindi ya mwaka jana, na niliona ghala limebaki na nini.

"Mama yako ako?" akaniuliza.

"Ako. Yuko kwetu Taita."

"Baba yako ako na bibi ngapi?"

"Wawili."

"Na yeye ni wa ngapi?"

Nikamwambia ni wa kwanza. Aliendelea kuchagua mawe kwenye dengu. Kisha akasema, "Basi wewe ulikuwa unajua."

Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye tai mfukoni.

Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Wazee wameongea, mchungaji ameongea. Mimi nimechoka na maneno ya wanaume. Wewe andikia mama yako. Andika yote vile ilikuwa. Yeye ndiye atajua hiyo kitu ni nini. Ukimaliza unisomee, uweke kwa posta nikiona. Halafu mimi nitapanda."

Ndiyo sababu naandika. Amekaa hapa nje kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi, jembe magotini na kile kikapu miguuni. Mzee amesimama ng'ambo ya barabara, anajifanya anatazama baiskeli za watu. Nimeambiwa jana usiku yale ya nyumbani yalitimizwa upya. (Haraka tena, Mkawasi.) Mahindi yatakuwa ya kuchelewa, lakini wanasema mtama bado una nafasi. Ule mstari wangu nimeambiwa nitaung'oa kwa mikono yangu, mchana, watu wakiona. Nitaung'oa.

Nisalimie baba, usimwambie yote. Nisalimie shangazi muuza miwa na baba mdogo fundi viatu. Na mama mdogo msalimie pia kwa heshima. Yeye hakujiamulia mwenyewe kuwapakulia wageni, kuna mtu aliyempa mwiko. Hilo nalo nimelijua juzi, nilipomwona Nyar Mbita akipita pembeni ya njia kama mwizi kwa kosa langu.

Usinijibu kwa upole, mama. Ukinijibu kwa upole sitajua niweke wapi uso huu.

Mimi mwanao wa kwanza,
Mwakio

Nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, halafu akasema kuna kitu nimeacha. Nilimwambia sijaacha kitu. Akaniangalia tu, akangoja, nami nikaona moto unanipanda usoni, kwa maana nilikuwa nimekiacha kwa makusudi.

Alipokuwa anakifunika kikapu chake, mama, nilicheka. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Huyo amechelewa," na wale wageni wakacheka pamoja nami.

Sasa nimeliandika. Amesimama, amejitwisha kikapu na kuchukua jembe, na anangoja mlangoni niende kununua stempu.