Kijia cha Majivu

Kijijini, ng'ambo ya Igoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na mama, kifua kimetulia? Mimi ni mzima. Nakuandikia haraka ili habari yangu uisikie kwangu kwanza.

Unajua kazi yangu hapa ni ukarani wa mradi. Wanakijiji wenyewe wanachora kijiji chao chini kwa majivu, magunzi ya mahindi yakiwa nyumba, kisha wanapanga kipi kijengwe kwanza. Mimi nanakili kwa penseli. Ni kazi ya kimya, ilinifaa.

Juzi akina mama walichora kijia chao cha kwenda kuteka maji ziwani. Kinapita palepale ambapo Mzee Masanja, mwenyekiti wa kijiji, amemwahidi mnunuzi wa samaki aina ya sangara kiwanja cha kujenga banda na kuweka uzio. Pengine pa kuteka hapana, ni matete na mamba.

Jioni mwenyekiti aliniita. Nilikuwa nalala kwake, baba, na kula kwake. Akaniwekea kifutio mezani.

"Binti, kile kijia ni cha mbuzi. Kifute."

Niliinamisha kichwa tu. Akadhani nimekubali.

Asubuhi tulikuta uwanja ulipochorwa ramani umefagiwa, eti kwa ajili ya wageni. Majivu yote hayapo. Mkutanoni mwenyekiti akasema njia hiyo haijawahi kuwepo.

Mama Kabula, mjane mmoja, akadakia: "Haipo? Kwa hiyo maji unayooga huwa yanaruka kama kunguru?"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Karani asome karatasi yake," akasema, macho kwangu.

Unanijua, hata shuleni nilikuwa naitika jina langu kwa kunong'ona. Nikasoma shule, nikasoma zahanati, nikasoma kisima kilichokauka. Hapo kidole kikafika kwenye kijia, ambacho sikukifuta.

"Sema, mwanangu," akasema Mama Kabula.

Nikasoma: "Njia ya akina mama ya maji."

Kiwanja kimesimamishwa mpaka mkutano mwingine. Niliporudi nilikuta begi langu nje ya mlango. Sasa nalala kwa Mama Kabula, na sijui kama mradi utaendelea kunitaka. Mwenyekiti ameapa kukuandikia kwamba umelea mtoto anayejibizana na wakubwa.

Nisalimie mama, bibi anayenitunzia kuku wangu, na kaka akirudi kuvua. Barua ya mwenyekiti ikifika, isome yote, kisha urudie hii yangu.

Sikumjibu mzee, baba. Nilisoma tu.

Binti yako,
Veronika