Alizeti ya Mlali

Mlali, Kongwa

Kaka Gaudence,

Shikamoo. Mvua imekatika mapema, ila mama hajambo na mbuzi wako amezaa mapacha.

Mashine yetu ya kukamua alizeti tumeifunga. Kampuni unayoisimamia huko Ihumwa iliuza mafuta kwa hasara msimu mzima, wateja wakatuhama. Mume wangu Bartolomayo alipokuja kukuona, ulimkaribisha chai ofisini ukamwambia, "Shemeji, huu ni mkakati wa soko tu. Wadogo wakishafunga, tutapandisha bei." Alitusimulia mezani, anacheka kama mtu aliyechanganyikiwa.

Wiki ile ile akaenda machimboni kutafuta riziki. Shimo likamfukia. Tulimzika Jumamosi.

Mama aliuliza mbona hukuja kuzika. Nikasema kazi zimekubana. Hajui mpango ule ni wako, na bado anakuombea kanisani upandishwe cheo. Sitamwambia, moyo wake hautaweza.

Njoo umhani, kaka, anakusubiri. Lakini kwangu usilale. Watoto walikuwepo mezani siku ile baba yao anasimulia, na wao siwezi kuwadanganya.

Mdogo wako,
Anyesi