Kioo cha Nyuma cha Gari la Kambi

Nyumba za askari, hifadhini
Jumatatu, 3 Machi

Dada,

Mtoto wa kike wa miaka sita ameng'atwa mkono na nyani dume Jumamosi asubuhi kwenye kambi ya mtoni. Mganga wa zahanati yetu amesema huenda mfupa umepasuka, na mtoto ameletwa huko mjini kwenu kwa gari la wagonjwa. Mimi mzima. Natumaini wewe na wapwa zangu hamjambo. Salamu zimeisha, sasa tuzungumze.

Gari walilolala ni lile jeupe lenye mstari wa kijani, lenye vitanda viwili na jiko nyuma. Nimeangalia namba. Ni lilelile unalokodi wewe kila wikiendi tangu shemeji aondoke na gari lenu. Wikiendi hii ulikuwa zamu hospitali, likakodiwa na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma na familia yake. Hawajawahi kulala hifadhini maishani mwao. Walifika Ijumaa jioni, na kesho yake kabla ya chai mtoto alikuwa anavuja damu.

Kambini palikuwa na magari matatu. Mawili nyani hakuyagusa. Kuna mama alikuwa nje anakaanga mayai. Mayai, dada! Nyani akampita kama hamwoni, akaenda moja kwa moja kwenye gari jeupe.

Nyani huyo mkia wake umekatika nusu. Mwezi uliopita Mapengo alinitumia mchoro wa nyani mkubwa anayetembea wima, mikono nyuma, mkia nusu, na chini ameandika "Meneja". Nimeubandika juu ya kitanda changu na nimewatambia wenzangu kwamba nina mpwa mchoraji. Sasa nikiuangalia namwona nyani yuleyule.

Mlikuwa mnampa chakula? Usiniandikie hadithi. Ndiyo au hapana.

Mdogo wako


Mjini
Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mapengo ameota jino moja la mbele, kwa hiyo jina lake litabidi tulitazame upya. Dada yake ana kikohozi kidogo. Mimi niko palepale chumba cha eksirei, nawaambia watu wavute pumzi na waishike. Wewe naona uko mzima kabisa, maana mgonjwa hawezi kupata nguvu za kumhoji dada yake mkubwa kama mwizi wa kuku.

Jibu ni hapana.

Nyani wenye mikia iliyokatika wako wangapi huko kwenu? Umewahesabu? Na hilo gari, katikati ya wiki linakodiwa na nani? Hao umewaandikia barua, au mwenye ndugu askari ndiye wa kusakamwa?

Sasa na mimi niulize. Nani alituita? Januari, nimekaa kwenye sakafu ya jiko sijui nianzie wapi, ni nani alinipigia simu akasema, "Dada, kodi gari la kambi, njooni wikiendi, watoto waone wanyama, nitakuwa nanyi"? Nikakodi. Tumekuja wikiendi sita. Kila Jumamosi Mapengo anapanga vikombe vinne, anasema hicho cha nne cha Mjomba. Chai inapoa, anaimwaga kwenye majani, anakiosha kikombe, anakirudisha kabatini. Ulikuja mara moja. Ulisimama mlangoni, redio inakoroma kiunoni, hata kofia hukuvua. "Naja kesho," ukasema. Kesho yenyewe sijaiona mpaka leo.

Aliyekuwa anafika kila Jumamosi bila kukosa ni nyani. Mjomba mtu hakufika.

Usinitumie tena barua ya kunipa maneno mawili nichague moja. Mimi nimekubeba mgongoni.

Dada yako


Nyumba za askari
Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Mkuu wa hifadhi ametuambia leo kwenye mkutano wa asubuhi kwamba mwenye makosa ni yule fundi. Anasema aliacha chakula wazi na kioo wazi. Anataka afungiwe kuingia hifadhini, na jina lake lipelekwe polisi kwa kosa la kumweka mtoto kwenye hatari. Atapewa nafasi ya kujieleza kabla mwezi haujaisha, basi.

Pole na kikohozi cha binti. Mimi sijambo.

Fundi alikuwepo. Alifuata virago vyao vilivyobaki kambini, mkuu akamwita ndani mbele yetu sote. Nakuandikia walivyozungumza.

"Kioo kilikuwa kimefungwa," alisema fundi. "Mtoto alikifungua kwa sababu alisikia mtu anabisha hodi."

"Mtu gani?"

"Alidhani ni mtu. Alikuwa nyani."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Nyani alibisha hodi! Alisema 'hodi wenyewe', au aligonga tu?"

"Aligonga. Mara mbili. Na mimi nilisikia, nilikuwa navaa viatu."

"Sasa mbona hamkumkaribisha chai?"

Askari wote wakaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Yule bwana alingoja tumalize. Akasema, "Mwanangu ana miaka sita. Bado hajajua kudanganya hata umri wake." Akachukua sufuria zake akatoka.

Nina miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii. Nyani ananyakua, anararua, anakunya juu ya meza yako na kuondoka. Hodi habishi. Hilo nalijua. Lakini na nyumba yako naijua. Kwako mtoto hapati hata kipande cha mkate asipobisha kwanza mlango wa jikoni. Na sisi wadogo zako ulitulea hivyohivyo, nimewahi kulala njaa nikishindana nawe.

Niambie hapana kwa mara ya pili, nitaamini. Niambie hakuna mtu wa nyumba yako aliyemfundisha yule nyani kugonga kioo. Fundi anaitwa mwongo na mzembe, na mwanawe anachomwa sindano za kichaa cha mbwa.

Nangoja.

Mdogo wako


Nyumba za askari
Jumatatu, 17 Machi

Dada,

Nyani ameuawa Ijumaa. Mkuu amesaini taarifa leo. Nilitumwa mimi, na nilikwenda peke yangu.

Sikuulizi hali, kwa sababu wiki nzima hukutaka kunijibu.

Nilimngoja kambini ndani ya gari la doria, vioo juu, mkate juu ya kiti. Alitokea upande wa mto, akaja taratibu kama anayekagua wafanyakazi. Nikaelewa kwa nini Mapengo alimpa lile jina. Alizunguka nyuma ya gari. Akagonga kioo mara mbili, kwa vifundo vya vidole, halafu akakaa chini akangoja. Alingoja, dada! Kuna watu ninaokaa nao nyumba moja hawana adabu hiyo. Nilimwangalia mpaka akagonga tena.

Kwenye taarifa nimeandika hivi: "Alisogelea gari, akapigwa risasi moja, akafa hapohapo." Habari ya kugonga sikuiandika. Nikiiandika, mkuu atauliza nani alimfundisha, na hapo jina linalofuata ni la dada yangu. Umenifanya nisaini uongo. Mimi, ambaye ulikuwa unanifinya sikio nikisema nimeoga sijaoga.

Kwa hiyo fundi anabaki mwongo, wakati waongo wawili wanajuana kwa jina na kwa tumbo la mama.

Nina hasira mpaka chakula hakipiti. Usiniandikie mimi tena. Kama una barua, ipeleke kwa mkuu.

Mdogo wako


Mjini
Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Mkuu wako ameniambia leo asubuhi kwa simu kwamba kikao cha yule fundi kitakuwa Jumatano, tarehe 26, na kwamba habari za polisi zimesimama mpaka anisikilize mimi. Nilimpigia mwenyewe. Barua nisingeandika, barua mtu anaweza kuiweka chini ya faili.

Sisi wazima. Kikohozi kimeisha. Na yule mtoto wa fundi anaendelea vizuri, mfupa unaunga.

Unashangaa nimejuaje. Mkono wake nimeupiga picha mimi. Jumapili ile, tarehe mbili, alipoletwa kutoka kwenu, aliyekuwa zamu eksirei ni nani? Barua yako ya kwanza ilinikuta najua kila kitu.

Nilimlaza mkono juu ya meza, nikamuuliza kama ninavyowauliza watoto wote ili watulie, "Nani kakuumiza, mama?"

"Mgeni."

"Mgeni gani huyo?"

"Alibisha hodi, nikamfungulia."

Baba yake alikuwa mlangoni. Akasema, "Dada, ndivyo anavyosema kila anapoulizwa. Tunaonekana wehu." Nikamjibu kwamba watoto husema mengi. Ndivyo nilivyomjibu, kwa mdomo huu. Nikamwambia mtoto asitikisike, nikapiga picha mbili. Ijumaa yake nikakuandikia wewe hapana.

Haya, chukua na jinsi ilivyokuwa, maana umeidai kwa kelele. Jumamosi ya pili huko mtoni, nyani alipitisha mkono dirishani akamnyang'anya Mapengo mkate. Mapengo badala ya kulia akamfokea: "Huna adabu wewe! Nyumbani kwenu hawabishi hodi?" Akafunga kioo, akakigonga mara mbili kwa ndani kumwonyesha. "Hivi! Umeona?" Binti akacheka mpaka akakaa chini. Tangu baba yao atoke, nyumba yangu ilikuwa haijasikia kicheko. Nikakata kipande kingine, nikampa Mapengo ampe. Nilikata mimi, na kisu changu. Wikiendi ya nne nyani alikuwa anagonga mwenyewe, na sisi tunapiga makofi. Kibao cha getini cha kukataza kulisha wanyama nilikuwa nimekisoma. Usije ukanitetea kwa mtu kwamba sikujua.

Lakini na wewe hutapita pembeni.

Siku ya kwanza getini, karani alikuja dirishani akaanza kutueleza kama anavyowaeleza wenye magari wote: chakula kifungiwe, vioo vifungwe, na kule mtoni kuna dume ameanza kuzoea magari. Hakufika mbali. Sauti yako ilitoka kwenye redio yake: "Waache hao wapite, ni watu wangu, nitawaeleza mwenyewe." Tukapita tukijiona wakubwa. Ukatueleza lini? Kwenye kikombe gani cha chai?

Hilo nimemwambia mkuu. Akaniuliza kama nina hakika ilikuwa sauti yako. Nikamwambia amuulize karani. Nimemwambia pia kwamba nyani aligonga kioo cha gari la doria kabla ya kupigwa, kwamba ulisikia, na kwamba hukuandika. Utasema nimekuuza. Sema. Uliniandikia kwamba ulificha kwa ajili yangu. Mimi sikukutuma unifichie, na mtoto wa mtu hawezi kuitwa mwongo ili sisi tubaki ndugu wazuri. Ukipoteza kazi, utakuja kukaa kwangu na utakula, na hatutazungumza mpaka hasira yangu iishe. Inaweza kuchukua muda. Nimekukasirikia tangu Januari.

Mapengo nimemwambia jana. Sikutaka aje asikie kwa mkuu. Aliuliza swali moja tu: "Alibisha kabla hajapigwa?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama Mjomba alimfungulia. Anataka kuja, nitakuja naye. Kuna mtoto wa rika lake, yule wa fundi, ambaye Mapengo anapaswa kumwangalia usoni na kumwambia kwamba hakudanganya.

Gari la kambi nimelifuta, tunakuja kwa basi. Usije kutupokea stendi. Mkuu hataki tuonane kabla, na mimi pia sitaki.

Kikao ni Jumatano saa tatu asubuhi, ofisini kwake. Ataanza fundi. Wa pili ni mimi, wa tatu ni karani wa getini. Wewe umewekwa wa mwisho.

Dada yako