Nani Anayeshika Farasi Wako?

Muscat

Mdogo wangu Rajabu,

Hamjambo hapo Kang'ata? Mimi ni mzima, joto la huku tu ndilo linanikaanga. Mama mpe shikamoo yangu, uniambie kama magoti yamepata nafuu. Mvua je, imenyesha, au mahindi yamenyauka tena?

Barua hii nimempa mama mmoja wa Manundu anayerudi likizo. Sikutaka kukuandikia kwenye simu, maana simu yako siku hizi siiamini. Isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya sataranji yetu tunayotumiana kwa simu, hatua moja moja. Mimi nimebaki na mfalme mtupu, wewe una mfalme, askofu na farasi. Najua ushindi upo, ila ni safari ndefu: lazima unisukume mpaka kona yenye rangi ya askofu wako. Na kila mmoja akifikisha hatua hamsini bila kete kuliwa, nina haki ya kudai sare. Nahesabu kwa kokwa za tende. Zimefika arobaini na sita.

Sasa Rajabu, wewe hata uji hukuweza kungoja upoe. Tangu lini ukamfuata mfalme wa mtu hatua zote hizo bila kupotea njia? Mwanzo nilidhani unaiuliza mashine, lakini mashine ingenimaliza zamani. Huyu anakwenda polepole, kama mtu anayekumbuka kitu alichojifunza ujanani. Tena hatua zake zinaingia mara baada ya swala ya alfajiri, saa ambayo wewe hata ukimwagiwa maji huamki. Na juzi, badala ya "shaha" ya kutishia mfalme, nimeandikiwa "hodi". Nyumbani kwetu anayempigia mfalme hodi ni mmoja tu.

Ni baba? Mwaka wa pili huu hapokei simu yangu, tangu nilipoondoka msimu wa kupanda bila kumuaga. Nilimkosea, na inaniuma. Kama unanichezea shere, Rajabu, sitakusamehe upesi.

Nisalimie mkeo, na shangazi yetu wa Chanika, ambaye najua ataulizia barua hii. Usimpe.

Kama ni baba, mwambie sitadai sare hata kokwa zikitimia hamsini. Anisukume mpaka kona. Ila hatua ya mwisho asinitumie kwa maandishi. Apige simu, aniambie kwa kinywa chake kwamba mfalme wangu amekufa.

Kaka yako,
Athumani