Juu ya Miti Hakuna Bwana

Obergries,
Jumatatu, kabla ya Sikukuu ya Mishumaa

Baba yangu mpendwa,

Mungu akusalimu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, nyonga yako imepata nafuu, na yule ng'ombe wa kahawia ameshazaa bila kukukeshesha zizini. Mama hajambo? Kifua chake nakiwaza kila nikisikia mtu akikohoa. Mwambie soksi alizonifumia ndizo ninazovaa siku za mashindano. Wenzangu hunicheka kwa ile rangi ya karoti, lakini vidole vinavyoganda ni vyao, si vyangu. Msalimie na kaka Vitus, umwambie kalamu si nzito kuliko ndoo ya maziwa, aandike.

Mimi huku ni mzima, ila goti la kushoto limevimba na nimejiuma ulimi. Ulimi, kama utakavyoona, ndio ulionitia katika yote haya.

Najua mmesikia redioni kwamba Traudl Egger ameshinda mbio za skii za mteremko wa Obergries, na jina langu halikutajwa hata kwa makosa. Namwona Mama akiizima redio na kurudi kwenye madonge yake ya unga. Majirani nao hawakosi la kusema, na mama yake Zeno wa kinu cha unga lazima ameshapita mlangoni kuuliza narudi lini. Basi nimeona nikueleze mwenyewe, kabla hujaelezwa na wanaojua kuliko mimi niliyekuwepo.

Sijasahau ahadi yetu. Tuliiweka mezani siku ya Watakatifu Wote, Mama akiwa shahidi: Sikukuu ya Mishumaa ikifika nami simo katika timu ya kwenda mashindano ya dunia, nitafanya kama watumishi wa shamba wafanyavyo siku hiyo, nifunge mzigo wangu nibadilishe bwana. Skii zitapanda darini, nami nitashika shamba, na Zeno akiwa bado ananitaka, na anioe. Nilikubali bila kusita kwa sababu sikuwaza hata mara moja kwamba nitakosa. Unanijua. Toka utoto, nikiona mtu yuko mbele yangu, chakula hakinipiti kooni.

Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, na mteremko huu wa Obergries ndio uliokuwa wa kuiamua. Tuliufanyia mazoezi wiki nzima. Juu mlimani alikuwepo Bwana Mshauri Leopold Hasenauer, mwenyekiti wa chama chetu cha skii. Aliwahi kushindana ujanani akavunjika mkono, na mpaka leo haukunjuki sawasawa. Kule juu tulimwita Leopold kama desturi inavyotaka, naye akatuita kwa majina yetu, tukagawana soseji na chai kutoka chupa moja.

Desturi hii wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa mdogo, tumekwenda kushusha nyasi kavu kutoka malisho ya juu, tukiziburuta kwenye theluji kwa sleji. Tulipoipita miti ya mwisho ulisimama, ukavua kofia, ukaniambia kuanzia hapa hakuna baba, hakuna padre, hakuna mwalimu. Kuna Kassian na Burgl tu, maana theluji ikikatika mtu hana muda wa kutafuta maneno ya heshima. Nilikuita Kassian mchana kutwa, nikicheka kila mara. Tuliporudi nikasahau, nikakuita Kassian mlangoni pa zizi, na Mama akanizaba kofi.

Kofi lile halikunifunza kitu. Jumamosi jioni niliingia katika chumba cha kulia cha hoteli nikiwa nimetoka mlimani muda huo huo, theluji bado nyweleni, njaa imenishika. Bwana Mshauri alikuwa meza ya katikati pamoja na mabibi kutoka Vienna, wageni wakubwa wa chama, amevaa tai na nishani zake. Supu yangu haikuwa na ladha. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti ile ile ya mlimani, "Leopold, hebu nipe hiyo chumvi."

Bibi mmoja akajificha nyuma ya kitambaa chake cha mkono, mabega yakimtikisika. Bwana Mshauri akaiva uso kama nyanya, akanisogezea chumvi kwa kidole kimoja bila kunitazama. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nimeyaamini kwa supu iliyokolea chumvi.

Asubuhi yake Ferdl, kocha wetu, alinijia akiangalia viatu vyake. Alisema chama kina wasiwasi na goti langu, ingawa siku hiyo goti lilikuwa zima kuliko la kwake. Nafasi yangu ya kushindana imekwenda kwa Traudl, mtoto wa bonde la pili, ambaye ana miaka kumi na tisa na haogopi kitu kwa kuwa hajawahi kuumia. Mimi nitakuwa mtangulizi. Unajua maana yake, Baba. Mtangulizi anateremka kabla ya mashindano kuonyesha kwamba njia inapitika. Hapigiwi makofi, hatangazwi, na muda wake hauandikwi popote. Ni sawa na kumwonjea mfalme chakula.

Sikulia. Niliingia katika chumba cha skii nikazipaka nta upya, safu juu ya safu, mpaka zikang'aa. Nikajiambia kama hawataki kuuandika muda wangu, basi nitateremka hivi kwamba aibu ya kutouandika iwe yao. Nikamwomba Ferdl kitu kimoja tu, awe na saa yake mfukoni. Hakuniahidi, lakini hakukataa.

Watangulizi tulikuwa watatu, mimi wa mwisho. Wale wawili waliteremka kama watu wanaopeleka mayai sokoni, na hakuna wa kuwalaumu, ndivyo watangulizi wanavyofanya. Mimi nilitoka kibanda cha kuanzia kama nafukuzwa. Baba, sijawahi kuteremka vile. Kila kona ilinikuta nimeshaitaka. Nilifika kwenye lile tuta wanaloliita Mgongo wa Padre nikiwa na kasi ambayo hakuna aliyeifikia wiki nzima, na usiku theluji ilikuwa imelala juu yake ikaganda, tuta limenenepa bila mtu kugundua. Lilinirusha. Nikaona mteremko wa kutua unapita chini yangu, ukaisha, nikaja kutua huko mbele kwenye tambarare, pagumu kama sakafu. Goti likalia, meno yakakutana katikati ya ulimi. Nilibaki nimesimama, na mpaka sasa sijui nilibaki vipi. Nikamalizia njia mdomo umejaa damu.

Chini nilimkuta Ferdl. Alitoa saa yake akaigeuza kiganjani ili niisome mimi tu. Nilichokisoma kilikuwa kizuri mno, na kwa mtangulizi hakikuwa na thamani yoyote.

Hapo sasa ndipo pa kunihukumu, kwa hiyo sikufichi. Traudl ndiye aliyekuwa wa kwanza kuanza. Yeye hupita kila mahali kwa kasi yake yote, na tuta lile lilikuwa linamsubiri. Nilipokuwa nainama kufungua skii, wazo lilinijia zima, limevaa na viatu: nyamaza tu. Halikukaa zaidi ya kufungua skii moja, lakini lilikuja, na lilikuwa na sauti yangu. Skii ya pili niliifungua nikiwa nimeshageuka kumtafuta Bwana Mshauri.

Nilimwita kwa cheo chake chote, tena mbele ya wageni wake. Nilimweleza tuta limekua, linarusha watu tambarare, lipunguzwe kabla mtu hajavunjika. Alinijibu kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi, kwamba kazi ya mtangulizi ni kusema njia iko wazi, wale wawili wameshasema, na binti aliyenyimwa kiti huona kila kiti kina msumari. Mabibi wa Vienna walicheka. Lifti ya waya ilikuwa inapanda mlimani na wasichana wanaoshindana. Nilimwona Traudl anaimba.

Watu husema aliye juu mngoje chini. Mimi niliona huyu nikimngoja chini sitampata. Lazima nimpandishe juu. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Bwana Mshauri, panda nami mpaka kwenye tuta. Kama nimesema uongo, nitaomba radhi hapa hapa, mbele ya wageni wako, kwa ile chumvi." Wale mabibi wakapiga makofi, wakimwambia apande, apande. Basi akapanda, kwa sababu radhi hiyo aliitaka sana. Aliamuru kwanza kwa simu wasianze mpaka arudi.

Behewa la waya lilipoipita miti ya mwisho nilisubiri kidogo, kisha nikasema, "Leopold, funga koti, kuna upepo." Alinitazama muda mrefu, halafu akafunga koti.

Nilimpeleka nilipotua. Hapakuwa na haja ya maneno. Alama za skii zangu zilikuwa zimechimbwa pale kwenye tambarare, na mbele kidogo matone ya damu. Alisimama juu yake akageuka kulitazama tuta, huko nyuma sana. Akaanza kuusugua ule mkono wake usiokunjuka.

"Ulikuwa unakwenda mwendo gani, Burgl?"

"Wa mtu anayetaka kushinda. Traudl naye atakuja hivyo hivyo."

Kisha akaniambia neno ambalo chini asingeliweza kulisema. "Nikisimamisha mashindano kwa neno lako, siwezi kukurudisha kwenye timu. Watasema ulinitisha nami nikakununua."

Nikamjibu, "Leopold, sijakuomba nafasi. Nimekuomba makoleo."

Makoleo yalikuja. Wanaume walilikata lile tuta, wakalainisha mahali pa kutua, na Leopold mwenyewe alishika koleo kwa mkono wake mmoja mzima. Wageni chini waligandishwa miguu wakisubiri, sikuwaonea huruma. Kisha Traudl akateremka, akapita Mgongo wa Padre kama anaruka mfereji, akashinda. Alinijia akihema, mashavu mekundu, akaniuliza, "Dada Burgl, liko wapi hilo tuta lenu la kututisha? Mimi sijaliona." Nikacheka naye. Kilikuwa kicheko cha meno tu, lakini miguu yake yote miwili ilikuwa mizima nami nilikuwa naiangalia, na furaha yangu juu ya miguu ile haikuwa ya meno.

Usiku ule timu ilitangazwa. Traudl yumo, mimi simo. Bwana Mshauri alinipita mezani na nishani zake akasema, "Usiku mwema, Bibi Notburga," kwa jina langu kamili la ubatizo, nami nikajibu, "Usiku mwema, Bwana Mshauri." Mbele ya sahani yangu nikakuta kibakuli cha chumvi kimeshawekwa.

Sasa, Baba, karatasi hii ninaikatiza hapa. Iliyobaki siwezi kukuandikia nikiwa hotelini.

*

Kassian,

Nimepanda. Niko katika kibanda cha juu, dirisha limejaa vilele, na mti wa karibu uko chini kabisa ya miguu yangu. Nimechukua behewa la kwanza ili nikwambie jambo hili mahali unaponiruhusu kukuita hivi.

Sirudi.

Ahadi niliitoa, na naivunja mchana kweupe, sitafuti kisingizio cha goti. Nilipokuahidi nilidhani nataka timu. Nilidhani nataka jina langu redioni na mama yake Zeno alisikie. Jana nimeteremka bila jina, bila muda, bila mtu wa kunipigia makofi, na ndiyo siku niliyoteremka vizuri kuliko zote za maisha yangu. Kisha nimeipoteza nafasi kwa mdomo wangu mwenyewe, na asubuhi nimeamka bado nataka kuteremka. Mtu wa namna hii ukimpandisha skii zake darini, atakufanyia nini shambani? Atawakamua ng'ombe wako kwa hasira.

Mwenye kibanda hiki amenipa kazi ya kupika supu na kuosha vyombo. Kabla ya wageni kufika mlima wote ni wangu. Msimu ujao nitashindania klabu yoyote itakayonipa nambari, hata ya mwisho, hata njia ikiwa imechimbika kama shamba la viazi. Na kama hawatanipa nambari nitakuwa mtangulizi, nao watazoea kutuma watu na makoleo.

Kuhusu shamba, kuna mtu analitaka, Kassian, na anakula nawe meza moja. Vitus analitaka toka zamani. Anayajua mawe yake yote kwa sura, lakini wewe ulishaamua ni laini mno, naye hathubutu kulitaja mbele ya sahani yako. Usimuulize jikoni. Mpandishe malisho ya juu, muipite miti, uvue kofia, umwache akuite jina lako. Utasikia.

Najua utakasirika. Nyonga itakuuma zaidi siku mbili tatu, na Mama atapiga milango ya kabati. Mpe mkono wangu, mwambie Zeno ni kijana mwema na apewe mwenye kumtaka. Wasalimie wote wa nyumbani, mmoja mmoja, na yule ndama kama amezaliwa jike muiteni Mishumaa.

Ukitaka kunikatalia, niandikie kutoka nyumbani, nitaisoma nikiwa nimesimama wima kama inavyompasa binti mbele ya baba yake. Lakini ukiona nina haki hata kidogo, usinijibu kutoka jikoni. Mwombe Vitus akukokote kwa sleji, wewe pamoja na hiyo nyonga, upande, uandikie huko. Mistari miwili inatosha. Nitajua umeiandikia wapi kwa kuangalia jina ulilotia chini.

Mimi hapa juu,
Burgl