Ngoma ya Mapacha Ingoje Kwanza

Nyumbani kwa Bw. Muhidini Salehe,
Kambarage, Shinyanga.
Jumatatu, 13 Februari 1984

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Mihayo,

Shikamoo Baba. Naisema tena, shikamoo, maana ya kwanza najua ameipokea Athanas anayekusomea, huyo hupenda marahaba zisizo zake. Natumaini barua hii itakukuta mhola, salama kabisa, goti limepunguza kuuma, mvua ya Bugarama imenyesha vya kutosha na ng'ombe wanapata majani. Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mimi mwili ni mzima. Akili ndiyo siwezi kuisemea. Mnisamehe pia kwa huu mwandiko unaopanda na kushuka, sababu yake nitaieleza mbele.

Athanas, ndugu yangu, kabla hujaendelea. Soma kama ilivyoandikwa. Usiongeze chumvi, usiruke, wala usisimame katikati ili watu wacheke. Tena isome leo hii, usiiweke mfukoni mpaka utoke kwenye maduara yenu ya dhahabu. Jambo hili halingoji mtu atoke shimoni.

Baba, kosa la kwanza ni langu. Nilipomkuta yule dereva wa lori pale Isaka nilimwambia awafikishie habari kwamba Apolonia amejifungua mapacha. Nikaishia hapo. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa sijui kitu. Sikusema kwamba mimba ilikuwa ya miezi saba, wala kwamba Apolonia alipasuliwa, wala kwamba watoto hawakupelekwa kwa mama yao bali kwenye chumba cha njiti. Nyinyi mkasikia neno mapacha, basi, mtama wa pombe ukalowekwa siku hiyohiyo na ngoma zikawambwa upya. Siwalaumu. Kwetu mapacha hawazaliwi kimyakimya. Wazazi wao lazima waoshwe dawa na kuimbiwa matusi mbele ya halaiki, la sivyo watu wanasema mvua itanuna. Hayo nayajua tangu utoto. Nilichokuwa sikijui ni kwamba matusi yenyewe yangenifuata mpaka hospitali.

Shangazi Nyamizi alifika Jumatano, chungu cha dawa kichwani na kifurushi cha unga mkononi. Alianzia getini. Baba, dada yako unamjua mwenyewe. Alinitukana mimi, akamtukana marehemu mama, kisha akataja viungo vyangu kimoja baada ya kingine kwa sauti ya mnadani, mpaka mlinzi akadhani ni ugomvi akashika rungu. Ikabidi nimweleze kwamba huyu ni shangazi yangu na ananitukana kwa heshima. Ungeuona uso wake! Wagonjwa nao wakatoka wodini kuja kutazama, wengine wameshikiliwa na ndugu zao, walio na mishono wakaanza kulia kwa kuchekeshwa.

Halafu Shangazi akasema watoto wapakwe dawa saa hiyohiyo. Yuko muuguzi wa chumba cha njiti, anaitwa Justa, Mzinza wa upande wa Geita, mfupi, hana mchezo hata kidogo. Alisimama mlangoni akamwambia kwamba humo ndani hata askofu haingii na chungu. Shangazi akamjibu kwamba yeye hakusema ni askofu. Walijibizana weee, mpaka nikaona aibu kwa niaba ya wote wawili. Mwisho Shangazi akajitwika chungu chake na kuapa kwamba Jumamosi hii anarudi na ukoo mzima, ngoma na pombe juu, na kwamba mtu yeyote wa ukoo asithubutu kuwagusa wale watoto kabla hawajaoshwa. Sasa nasikia hata lori la yule mnunuzi wa dhahabu limekwisha kupatikana. Na aliyekwenda kuliomba, Athanas, nasikia ni wewe. Ahsante sana, mwana wa mama.

Hebu niwaeleze hao watoto wenyewe, maana katika hekaheka zote hizi hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Wa kwanza, yaani Kulwa, ni msichana, wa pili mvulana. Baba, kichwa cha mvulana kinaenea kwenye kiganja changu na nafasi inabaki. Ngozi yao ni nyembamba, mishipa yote unaiona. Kunyonya hawajui, wanatiliwa maziwa kwa mpira mwembamba unaopita puani. Na mvulana ana tabia ya kusahau kupumua. Kweli kabisa, anasahau, na Justa humgonga kwa kidole kwenye unyayo mpaka akumbuke. Mimi huyu ninayebeba marobota ya pamba pale stesheni na kupiga mluzi juu yake, mara ya kwanza niliponyooshewa yule mtoto nilirudisha mikono nyuma.

Apolonia yuko wodi ya wanawake, upande wa pili wa uwanja. Kidonda cha tumbo kimeingia usaha na homa haijashuka, daktari amemkataza kusogea kwa watoto. Mama mkwe ndiye anayemuuguza, ila naye ana kikohozi, na Justa alipokisikia tu alimfukuza kwa adabu. Kwa hiyo mbeba maziwa ni mimi. Apolonia anayakamua kikombeni kwa machozi, pengine vijiko viwili tu, nami nayafunika kwa kisahani na kuvuka nayo uwanja.

Sasa hapo uwanjani ndipo wanaponimaliza. Wasukuma sisi, jamani! Nakutana na mtu wa kwetu, ananiambia mwangaluka, naitika. Ananiuliza ya nyumbani, naitika mhola. Anauliza ng'ombe, anauliza mvua, anauliza wakwe, na mimi nimesimama na maziwa ya mtoto yanapoa mkononi, maana ukimkatiza mzee utaambiwa mji umekuharibu. Akishamaliza salamu ananipa na dawa. Mmoja anasema niwapake samli, wa pili anasema samli ni hatari, niwafukize. Nikiponyoka hapo namkuta mlinzi, ananiambia saa ya kuona wagonjwa bado. Kila siku ananiona, kila siku ananiuliza kikombeni mna nini. Juzi nikamwambia mna pombe ya Shangazi. Akanizuia kweli, mpaka Justa alipokuja kunitoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mimi wageni wanakuja tu, kupona sioni.

Athanas, hapa simama. Waombe wote watoke, na Shangazi kama yupo atoke wa kwanza. Yaliyobaki ni ya Baba peke yake. Na wewe unayesoma, ukicheka Mungu anakuona.

Baba, chumba kile kina sanduku moja la vioo linalopashwa joto kwa umeme, na ndani yake wanetu walikuwa wamelazwa pamoja. La pili limeharibika na kipuri chake hakijapatikana. Alhamisi akaletwa mtoto mwingine, mdogo kuliko wetu, na msichana akatolewa ampishe. Nikauliza huyu sasa joto atalipata wapi. Justa akasema kwa kawaida mtoto wa namna hii hulazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa nguo, maana mwili wa mtu haukatiki kama umeme. Nikamwambia hali ya mama yake anaijua. Akanitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza kama mimi sina ngozi.

Nilivua shati, Baba. Mke wa Muhidini mwenyeji wangu, Mwahija, alinipa kanga yake, nikafungwa mtoto kifuani kama wanavyofungwa wanawake, tena kanga yenyewe imeandikwa Mtasema mchana usiku mtalala. Wanaume wanaokuja kuona wake zao huchungulia dirishani na kuisoma kwa sauti. Sasa hospitali nzima naitwa Mama Kulwa, mpaka daktari. Nilikasirika siku ya kwanza, nikataka kutoka nikampige mmoja. Nikashindwa, kwa sababu msichana alikuwa amelala, na miguu yake iliyokuwa baridi siku zote ilikuwa imepata joto.

Ijumaa umeme ukakatika. Dizeli ya jenereta haipo, iliyobaki imewekewa chumba cha upasuaji. Muhidini amezunguka Kambarage nzima akiitafuta na amerudi na dumu tupu. Umeme unarudi unapojisikia, na ukiondoka tu mvulana naye ananijia. Kwa hiyo nakuwa nao wote wawili, na siwezi kuinama, siwezi kulala, hata kukohoa naomba ruhusa.

Hili ninalokuambia sasa hata Apolonia halijui. Jana alasiri nilisinzia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, wote wawili wakiwa kifuani, na usingizi ukanichukua bila kubisha hodi. Nilishtuliwa na kelele za Justa. Mvulana alikuwa ametelezea chini ya kanga mpaka mapajani kwangu, uso umebanwa tumboni kwangu, midomo imegeuka rangi, na alikuwa amesahau kupumua. Justa alimnyakua, akamgonga unyayo, akamgonga tena, hakuna kitu. Mimi nilisimama pale, nimemkumbatia msichana kifuani. Halafu akalia. Baba, ni sauti ndogo, mlangoni usingeisikia. Nililia kuliko yeye.

Justa hakunigombeza, ingawa ningependelea anigombeze. Aliniambia tu kwamba mtu mmoja hatoshi, nilete wa pili kabla ya mwisho wa juma. Mwahija ana watoto wake watatu wanaomning'inia. Muhidini ana duka. Wengine wote wa kwetu Shangazi amekwisha kuwafunga kwa kile kiapo chake, na mtu wa kukivunja katika ukoo wetu ni mmoja.

Kwa hiyo nakuomba, Baba. Zuia ngoma. Bila wewe haiwezi kupigwa, na Shangazi mwenyewe analijua hilo. Sikatai mila. Waambie watoto hawa bado hawajafika, wako njiani, na mtu aliye njiani hachezewi ngoma. Wakifika nyumbani nitasimama katikati ya uwanja mnioshe na kunitukana mpaka sauti ziwakauke, na Shangazi aanze yeye. Lakini vumbi la lori zima la watu, na moshi, na dawa ya baridi juu ya ngozi ile, vitatuachia kaburi, tena pengine mawili. Pombe mnyweni tu, isiharibike.

Wewe njoo. Njoo peke yako, kwa lori lolote, ufike kabla ya Alhamisi. Najua ninachokuomba. Najua mwanamume wa umri wako hapakati hata mjukuu mwenye meno, sembuse hawa. Lakini Justa aliponiuliza kama sina ngozi, nilikukumbuka wewe. Nilikumbuka mwaka ule wa mvua kubwa, yule ng'ombe wetu mwekundu alipozaa kabla ya wakati kule malishoni, na kila mtu akasema ndama aachiwe fisi. Ulimtia ndani ya lile koti lako la jeshi, kifuani, ukafunga vifungo, ukakaa naye jikoni ukimnywesha kwa kidole. Wazee wenzako walikuja kukutazama. Walikuita Mama Ndama mwaka mzima, hata kilabuni. Wewe ulikuwa ukiitika tu.

Apolonia anakusalimu sana kutoka kitandani kwake, anasema shikamoo. Mama mkwe anakusalimu, kikohozi kinaendelea kupungua. Muhidini na Mwahija wanasema kitanda chako kipo tayari, ingawa mimi nawaambia hutakilalia. Justa hakujui, lakini amekwisha kukutengea kiti. Athanas, warudishe watu sasa, uwape salamu zangu wote, na hilo lori ulirudishe kwa mwenyewe. Naandika haya nikiwa nao wote wawili hapa kifuani, karatasi iko gotini, na msichana amepiga chafya mara moja tu tangu nianze.

Koti lile usilisahau, Baba. Liko juu ya dari ya ghala, lifute vumbi.

Ni mimi mwanao,
Maduhu Mihayo,
ambaye huku anaitwa Mama Kulwa, naye anaitika.